Gobore la Misumari ya Shaba

Namkunda,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia, maana ukimaliza kusoma barua hii sijui kama utakumbuka kuniamkia.

Wewe uko Gonja unaaga watu. Mimi nimekaa jikoni na kalamu yako ya bluu, na moyo unanienda mbio kama msichana aliyetumiwa posa. Makande nimepika mara mbili leo, sufuria ya kwanza niliisahau ikaungua, nikacheka peke yangu. Mjukuu wangu anakwenda kuwa askari wa wanyamapori! Mtoto niliyemfuta makamasi kwa kanga hii hii! Nimemwambia muuza mafuta ya taa, nimemwambia mwinjilisti, nimemwambia hata yule kijana aliyekuja kusoma mita ya umeme, ambaye hakuniuliza kitu. Akasema hongera bibi, nikamwambia hongera haitoshi, kaa chini nikueleze.

Sasa tulia usome. Fomu yako uliiacha mezani, na mimi nimeisoma. Usinikunjie uso. Kinachoachwa kwenye meza yangu nakisoma. Swali la kumi na moja linauliza kama wewe au mtu yeyote wa nyumba yenu amewahi kunyang'anywa silaha au kuonywa na polisi kwa kosa la silaha. Umeandika HAPANA kwa herufi kubwa, ukapiga na mstari chini yake kwa majivuno. Na mwisho wa ukurasa wameandika kwamba atakayedanganya atafukuzwa, hata kama amekwisha kuhitimu na kuvaa sare.

Hilo HAPANA si kweli, Namkunda. Wewe hukujua. Uongo ni wangu, nimekulisha tangu ukiwa mdogo pamoja na uji. Fomu inaondoka na wewe kesho alfajiri, kwa hiyo leo lazima nikueleze, na nakueleza kwa kalamu kwa sababu nikianza kwa mdomo nitakugombeza kuhusu vyombo ambavyo hujaosha na tutaishia hapo hapo.

Mambo ya kufua, kusali na kuamka mapema sikuandikii. Kama hujayajua kwa miaka yote uliyolala nyumba hii, karatasi haitakusaidia.

Kisa cha gobore la babu yako unakijua ninavyokisimulia siku zote: serikali ilipita milimani kukusanya magobore, langu likachukuliwa pamoja na ya wengine, nikalia, basi. Shuleni ulikiandikia insha, mwalimu akakusifu jinsi ulivyoeleza uchungu wa bibi yako. Mimi nikasikiliza unavyoisoma, nikajifanya nina moshi machoni. Hakuna serikali iliyopita hapa. Nililipeleka mwenyewe Same, limefungwa kwenye shuka, nikaliacha huko kwa ujinga wangu.

Babu yako Elieza alikuwa na gobore moja la kushindilia baruti mdomoni, baya kama kijiti cha kuchochea moto. Kitako kilikuwa na ufa aliouzungushia mpira wa baiskeli. Mtutu ulikuwa mweusi wenye kutu, na ubavuni, karibu na nyundo, palikuwa pamegongwa namba ya serikali. Lakini akilivuta, lililia mpaka ng'ambo ya pili ya korongo. Nyani walilijua kwa sauti. Na unajua mashamba yetu ya mteremko huu, nyumba saba, yameshikana kama viraka vya nguo moja. Nyani akiingia kwa mmoja ameingia kwa wote, na gobore lilikuwa hilo tu.

Alipofariki, wanaume wa ukoo walikaa sebuleni wakaamua gobore liende kwa mdogo wake, huyu huyu babu yako Samweli. Walikuwa wamekwisha kuamua kabla sijaleta chai. Nikaweka birika chini.

"Haliendi," nikasema.

Samweli akaniangalia kama anayemwangalia mbuzi aliyeongea. "Shemeji, utalifanyia nini? Utasongea ugali?"

"Nitapigia nyani. Na nyani wa aina nyingine wakija nitawapigia pia."

Basi, tukakosana. Unajua sisi Wapare tukianza kesi. Nilipita kamati ya kijiji, nikapita ya kata, nikashuka Same mara sita kwa ajili ya wilaya. Bwana mmoja pale aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la nne, lakini nyani hawajawahi kuniomba cheti. Wenzake wakacheka, yeye akasaini. Siku niliyopewa kitabu cha leseni chenye jina langu nilikisoma njia nzima kwa sauti, watu ndani ya gari wakadhani nahubiri. Mwanamke mwingine mwenye leseni ya bunduki milima hii yote hakuwepo, na kama alikuwepo sikutaka kusikia habari zake.

Hapo ningetulia. Springi ya nyundo ilikuwa imechoka, babu yako mwenyewe kila mwaka alikuwa anasema ataibadilisha. Ni kazi ndogo kwa fundi anayejua, wala si ghali. Lakini springi iko ndani, Namkunda. Nani angeiona?

Nikaanza na misumari ya shaba, ile ya vichwa vya mviringo wanayopigia makochi. Fundi seremala alinipigia mstari mmoja kwenye kitako, nikaona mmoja ni mchache, akapiga na wa pili. Kisha nikaona haifai misumari mipya kwenye mbao yenye ufa, nikaagiza kitako kipya cha mninga, kikapakwa vanishi mara tatu. Kisha nikaona mkanda wa kamba unanidhalilisha. Sokoni Same nikampata mama mmoja wa Kimasai, akanishonea mkanda wa ngozi wenye shanga nyekundu, na jina langu juu yake kwa shanga nyeupe. Hela ya tangawizi yote niliyouza msimu ule iliishia begani mwangu. Yale mabati ya jikoni yanayovuja, ambayo hapo ulipo bado unayawekea beseni mvua ikija, yalikuwa yanunuliwe mwaka ule. Sasa unajua kwa nini nakasirika ukilalamikia beseni.

Nikaanza kulibeba mahali ambapo hakuna nyani. Nililibeba mkutano wa kijiji. Nililibeba hata siku ya kipaimara, mchungaji akaniomba kwa upole niliache nje, nikaliegemeza ukutani palepale mlangoni, kila anayetoka alione. Kulifungia sandukuni kama sheria inavyotaka, wapi! Nililitundika sebuleni. Unasema katika utoto wako unakumbuka kitu kinachong'aa ukutani. Ndilo hilo.

Mwisho nikalipeleka kwa fundi wa pikipiki mjini, kijana mwenye mashine ya kung'arishia madigadi.

"Bibi, hili nikilipitishia mashine nikalipaka nikeli, utajionea uso humu," akasema.

"Pitisha."

Akalisogeza kwenye mwanga. "Lakini hapa ubavuni kuna maandishi maandishi."

"Yanasema nini?"

"Kutu imeyala. Hayasomeki vizuri."

"Kama hayasomeki yana kazi gani? Ondoa. Nataka laini kama yai."

Nikaenda kununua sukari. Niliporudi lilikuwa laini kama yai.

Naona umeelewa, wewe umesoma. Mimi sikuelewa. Nilikuwa na furaha, mjukuu wangu, furaha ya mtu aliyenunua uso mpya. Nililipandisha mlimani limefunikwa ili nilifunue mbele ya watu.

Baada ya hapo sikutaka tena kulipiga. Baruti inachafua, moshi unaacha weusi kwenye nikeli. Kila Jumamosi nilikuwa nalifuta kwa kitambaa cha flana kuliko ninavyowafuta ninyi. Nyani wakija nililiinua tu juu ling'ae, nikapiga kelele. Mwanzoni walikimbia mpaka korongoni. Baada ya wiki mbili wakawa wanakimbia hatua kumi. Baada ya mwezi walikuwa wanageuza shingo tu, wanaangalia, wanaendelea na shughuli zao.

Na unajua nyani hawamwogopi mwanamke. Tangu babu yako afariki nilikuwa navaa koti lake na kofia yake nikiwa shambani, na ninakohoa kikohozi chake. Lakini nilikuwa nimeacha kulivaa koti. Lilikuwa linaficha mkanda wa shanga.

Sasa nafika mahali penyewe. Wewe ulikuwa na miaka minne, mama yako Neema alikuwa amekuacha kwangu ili atafute kazi. Mahindi yalikuwa yamefikia kuchomwa, yale mabichi yenye maziwa. Asubuhi pembe ya msaragambo ikalia, kazi ya kijiji kizima, kila nyumba itoe watu kwenda kuzoa tope kwenye ndiva, maana bwawa lilikuwa limejaa udongo na maji ya kumwagilia hayashuki. Wote walipaswa kwenda, wanaume na wanawake. Wakakubaliana abaki mtu mmoja kulinda mashamba ya nyumba saba. Nani? Mwenye bunduki.

Naomi, jirani yetu wa chini, alipita na jembe lake begani. Shamba lake ndilo la kwanza kutoka korongoni. Mume wake alikuwa ameshuka kwenye mashamba ya mkonge na hakuwa ametuma habari wala kitu, na yeye ana watoto watatu.

"Mama Neema, tukuachie yote peke yako?" akaniuliza.

"Niachieni. Hamumjui mlinzi wenu?" Nikapiga kitako kofi. Misumari ikang'aa. Akacheka, akaenda.

Saa nne asubuhi walitoka korongoni. Sikuwahesabu, ila shamba lilibadilika rangi. Mbele dume kubwa, anatembea taratibu kama mwenyekiti anayekagua mradi. Nikainua gobore juu. Likang'aa. Hakuna aliyegeuza hata shingo. Nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Basi nikasema leo litachafuka, na lichafuke. Nilikuwa nimelishindilia baruti, nikaweka fataki, nikalenga, nikavuta.

Nyundo ilishuka polepole kama mzee anayekaa kwenye kigoda. Tii. Basi. Nikaivuta nyuma tena, nikafyatua tena. Tii. Dume lile likakaa katikati ya mstari wa mahindi wa Naomi, likavunja hindi, likalimenya kwa utulivu, likala huku linanitazama. Nikarusha mawe. Nikarusha kiatu. Wewe ulikuwa unalia mlangoni.

Nikageuza gobore, nikalishika kwa mtutu kama mchi, nikamkimbilia. Nilikuwa na nguvu bado, ningempiga mmoja, na ukimpiga mmoja kweli kweli wengine hutawanyika. Nimelima na nyani maisha yangu yote, najua. Nikafika hatua tatu kutoka kwake.

Nikasimama.

Unajua nilichofikiri? Nilifikiri kitako kitapasuka. Mninga, vanishi, misumari. Niliona kabisa akilini jinsi mbao ile itakavyochanika kwenye fuvu la nyani. Mkono wangu ukashuka wenyewe. Nikalibana kifuani kama mtoto, nikarudi nyuma, nikaendelea kupiga kelele kwa mbali kama mwanamke aliyeibiwa sokoni. Wakala Naomi, wakapanda kwa jirani wa pili, wakaja kwangu mwisho.

Watu walirudi mchana wamejaa tope, wanaimba. Nyimbo zikakatika moja moja kadiri walivyofika. Naomi alipita kwenye mistari yake yote. Akaokota hindi lililong'atwa mara moja na kutupwa, akaja nalo mpaka niliposimama.

"Bunduki yako nzuri sana, Mama Neema," akasema. "Nyani wameisifia?"

Hakuna aliyecheka. Mwaka ule Naomi aliwapeleka watoto wake wawili kwa dada yake huko Msangeni mpaka mavuno mengine. Mdogo alikuwa rika lako, mlikuwa mnacheza pamoja. Nilisimama kwenye ua nikamwona anapandishwa kwenye gari na mfuko wa plastiki wenye nguo zake, anakwenda kula kwa watu, kwa sababu mimi nilihurumia ubao.

Watu walidhani gobore liliharibika tu, vitu huharibika. Habari ya kusimama hatua tatu sikumwambia mtu.

Wiki iliyofuata ndipo nikalifunga kwenye shuka nikashuka Same kutafuta springi. Safari hii nilikwenda kwa fundi wa silaha mwenye kibali. Akafungua daftari lake, akaomba leseni, akaandika jina langu, akasema, "Sasa namba ya silaha."

"Iko hapo ubavuni."

Akavaa miwani. Akapapasa kwa kidole. "Mama, hapa hakuna namba. Hapa pako kama yai."

Moyo wangu ulianguka mpaka kwenye kandambili. Yule mzee alikuwa mwema, lakini akasema hawezi kulipokea wala kunirudishia, lazima polisi waje. Na huku chini kwetu, na hifadhi iko hapo karibu, bunduki iliyofutwa namba ni bunduki ya jangili. Niliketi kwenye benchi la kituo tangu saa tatu mpaka jioni. Nani ulimwazimisha? Tembo wangapi? Nyama mliuzia nani? Mimi! Mwimbaji wa kwaya!

Aliyenitoa ni Samweli. Yule yule niliyemtukana kwa birika la chai. Alisikia habari, akashuka na hati za zamani za babu yako zenye ile namba, akaenda mwenyewe kumtafuta fundi wa pikipiki, akamleta amemshika mkono. Kijana akasimama mbele ya mkuu wa kituo akasema ukweli wote. "Afande, bibi alisema hayasomeki, niondoe. Alitaka ling'ae."

Kisha afande mmoja akaanza, na mwingine, na mkuu wa kituo mwenyewe akatoa kitambaa akajifuta machozi. Walicheka, Namkunda! Mpaka waliokuwa mahabusu wakacheka, na hawakujua wanacheka nini. Gobore wakalizuia, nikaandikiwa onyo, nikatia saini. Mkuu akasema nina bahati, angekuwa mtu mwingine angelala ndani.

Ningeitwa jangili ningepata la kujibu. Lakini kuchekwa? Mimi niliyemjibu bwana wa wilaya? Tulipanda gari la kurudi, tulipopita Kisiwani Samweli akanigeukia.

"Shemeji, nyumbani tutasema nini?"

"Tutasema serikali inakusanya magobore."

"Serikali yetu kali sana," akasema.

Na amenyamaza hivyo mpaka leo. Wewe umekuwa ukimwona ananiuliza mbele za watu, "Shemeji, serikali bado haijakurudishia?" na mimi namrushia mwiko wa kupikia, ukadhani ni utani wa mashemeji. Huo ndio utani wenyewe. Mtu niliyemwona adui ndiye aliyenitunzia siri, na sijamwambia asante hata siku moja, kwa kiburi hiki hiki.

Sasa tuje kwako, mwanamke. Nilikuwa nakufungia tangawizi kavu kwenye begi lako, nikaukuta mkanda. Ngozi, shanga za kijani, NAMKUNDA kwa nyeupe. Na kifuko cha risasi cha rangi ya chui, na kile kisoksi cha kuvalisha kitako ulichoagiza kwenye simu. Bunduki yenyewe hata hujapewa! Hujajua kama watakuruhusu kuifunga hata uzi! Na kwenye orodha yao ya vitu vya kwenda navyo buti hazina alama ya vema. Hela ya buti ndiyo hiyo?

Nilikaa kitandani kwako nikacheka mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, hasira zikakataa kuja. Kisha nikauvaa mkanda wako begani nikajiangalia kwenye kioo. Unapendeza. Sikatai. Aliyekushonea ana mkono mzuri kuliko yule aliyenishonea mimi.

Sikuambii uutupe. Mimi mwenyewe vitu vizuri bado navipenda, si unaona kanga zangu. Ila siku watakapokukabidhi bunduki ya serikali, nyeusi, yenye mikwaruzo ya watu waliokutangulia, vidole vitakuwasha. Najua vitakuwasha, wewe ni wangu. Utataka kuifanyia hiki na kile ili ukipita na wenzako waseme ile ni ya Namkunda. Siku hiyo nikumbuke nimesimama hatua tatu kutoka kwa nyani. Sikufika pale kwa siku moja. Kwanza msumari, kisha kitako, kisha mkanda, kila kimoja kilikuwa kitu kidogo tu cha kujifurahisha, mpaka kikaja kitu ambacho nilikipamba sana hata nikashindwa kukitumia. Na anayelipa si mimi. Mimi mwaka ule nilikula.

Buti nimekununulia, ziko chini ya kitanda changu. Za mtumba, lakini soli nzima, nimezigonga kwenye jiwe. Usinune.

Juzi nilikuambia naenda Same kwa daktari wa macho. Macho yangu mazima kabisa, naona hata unapokunja mdomo gizani. Nilikwenda kituoni. Nikamkuta binti mmoja mwenye cheo begani, akaniamkia shikamoo vizuri, nikampa jina langu, nikamwambia tafuta kwenye madaftari ya zamani. Alitafuta mpaka akapiga chafya. Akaupata ukurasa, akaanza kusoma, nikaona anabana midomo.

"Cheka tu, mwanangu," nikamwambia. "Wenzako walicheka kabla hujaajiriwa."

Akacheka. Na mimi nikacheka, na lo, kumbe inawezekana! Miaka yote hii nilidhani nikicheka nitavunjika mahali. Nikamweleza habari zako, nikamuuliza kama kosa langu litakuharibia. Akasema kosa la bibi halimfukuzi mjukuu, kinachofukuza ni kuficha. Akaniandikia barua yenye muhuri, inasema silaha ilisalimishwa, mhusika alionywa, shauri lilifungwa. Imo kwenye bahasha chini ya fomu. Uiambatishe.

Na jana jioni nilishuka kwa Naomi. Kama nitakuambia wewe, haifai yeye asikie kutoka kwa watu. Nilisimama mlangoni nikamwambia yote, na ile ya hatua tatu. Hakunikaribisha ndani.

"Ulihurumia ubao," akasema.

"Nilihurumia ubao."

Akafunga mlango taratibu. Leo asubuhi nimemsalimia kwenye njia ya maji, hajajibu. Ana haki yake, nitamsalimia na kesho. Kwa hiyo ukipita kwake kuaga usishangae akikukumbatia wewe na kunipita mimi.

Basi, barua imekuwa ndefu, mkono umekufa ganzi na makande yanakungoja. Moyo wangu bado unaruka. Nikikuwaza umevaa ile sare ya kijani unashuka kwenye gari la hifadhi nataka kupiga vigelegele hapa hapa mbele ya kuku. Nilipigana na ukoo mzima ili mwanamke mmoja wa nyumba hii ashike bunduki, nikaiharibu kazi yangu mwenyewe, na sasa wanakupa wewe! Na wanakufundisha bure, na kukulisha! Nenda, mama, nenda ukawaonyeshe.

Lakini kabla hujala, chukua kalamu. Kata hilo HAPANA kwa mstari mmoja uliolala, usilikwaruze likaonekana kama unaficha. Andika NDIYO. Pale walipoacha nafasi ya maelezo, andika bibi yangu, kisha majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, usinifupishe. Wakikuita mbele ya meza yao wakakuuliza huyu bibi ni nani, usiinamishe kichwa hata kidogo. Waambie ndiye aliyekulea, akili zake timamu, yuko nyumbani kwake milimani, na wakimlipia nauli ya kwenda na kurudi atakuja kueleza mwenyewe.

Mimi,
Bibi yako